Mtoto Kazaliwa na Mabaka Meusi: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Ngozi, Kichwa na Ubongo Wake

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mwanga, Kigoma mjini. Binti yetu wa pili alipozaliwa alikuwa na baka jeusi tii mgongoni, karibu sawa na kiganja changu, lina vinyweleo laini kama vya panya. Mama mkwe alimfunua, akamtazama, akamfunika tena, kisha akamwuliza mke wangu kama alitoka nje usiku ule mwezi ulipopatwa. Kwenye kituo tulichokwenda kwanza tukaambiwa ni alama tu, mpakeni mafuta, itapungua. Wote waliangalia lile kubwa. Hakuna aliyemgeuza mtoto akahesabu mangapi mengine anayo.

Kuhesabu huko ndiko kulikokuja kuwa na maana kuliko ukubwa, rangi au nywele. Ninayoandika hapa nimeyakusanya kwa miaka minne kwenye mabenchi ya hospitali, kwa kuuliza madaktari mpaka wakanizoea. Hayachukui nafasi ya daktari wako. Yatakusaidia kujua umwulize nini, na umwulize lini, kwa sababu jambo moja katika haya lina muda wake na muda huo ni mfupi.

Kwanza hakikisha ni baka la aina gani

Watoto wetu wengi huzaliwa na madoa ya bluu inayoelekea kijivu kiunoni na matakoni, kama mahali palipovilia damu. Ukiyapapasa ngozi ni laini, hayana nywele, na hufifia yenyewe ndani ya miaka michache. Hayo yaache. Mwombe tu nesi ayaandike kwenye kadi ya kliniki, yasije yakamponza dada wa kazi siku moja akaambiwa alimpiga mtoto.

Baka ninalolizungumzia mimi ni la kahawia iliyoiva mpaka nyeusi, ukingo wake unaonekana wazi, na ngozi yake mara nyingi ina mikunjo midogo au vinundu. Nywele zinaweza kuwapo tangu mwanzo au zikaja baadaye. Huwapo siku ya kuzaliwa au hujitokeza wiki za mwanzo. Likiwa dogo si jambo la ajabu, maana takribani mtoto mmoja katika 100 huzaliwa nalo. Yale makubwa mno ndiyo adimu: mtoto mmoja hivi katika 20,000. Madaktari huliita baka la melanositi, yaani la zile chembe hai zinazotengeneza rangi ya ngozi.

Zipo alama nyingine za kuzaliwa ambazo nazo zinaweza kuhusiana na ubongo au neva, ila kwa njia tofauti kabisa na hii, nami nazitaja ili usichanganye. Vidoa vyeupe vyenye umbo la jani, vitatu au zaidi. Madoa ya rangi ya chai ya maziwa, sita au zaidi, kila moja likizidi nusu sentimita. Waa jekundu kama divai kwenye paji la uso na kope. Na kishimo kirefu, kishungi cha nywele au uvimbe katikati ya mgongo chini. Ukiona mojawapo, nenda kamwone daktari. Mwongozo huu hautakutosha.

Kwa nini ngozi na ubongo vinaingia kwenye habari moja

Hili nililielewa siku daktari mmoja kijana alipoacha maneno makubwa akaniuliza, "Baba, wewe kazi yako nini?" Nikamwambia. Akasema, basi fikiria jora moja la kitambaa linalokatwa vipande viwili, kimoja kishone shati, kingine kishone bitana ya ndani ya koti. Jora likiwa na kosa la rangi, kosa linaweza kuonekana kwenye shati na kwenye bitana.

Mtoto akiwa bado kiinitete, kwenye mwezi wa kwanza hivi wa mimba, kuna chembe hai zinazotokea kandokando ya mfereji utakaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Kutoka pale zinasafiri. Nyingine zinakwenda kwenye ngozi kuwa za rangi, nyingine zinabaki kwenye utando unaofunika ubongo. Kwa watoto wenye baka kubwa, mara nyingi chembe moja katika hizo ilipata kosa kwenye jeni (kipande cha maelekezo yanayoiongoza chembe) inayoitwa NRAS, ikaendelea kuzaana na kosa lake. Ikiwa kosa liliingia mapema, uzao wake unaweza kufika kwenye ngozi na kwenye ubongo pia. Ugonjwa wenyewe una historia ndefu: tabibu Rokitansky aliueleza mwaka 1861.

Sasa sikia, hasa wewe baba unayesoma hapa huku nyumbani hakuna anayeongea. Kosa hilo hutokea baada ya mimba kutunga, ndani ya mtoto mwenyewe. Mama hakulileta kwa chakula, kwa kazi, kwa kupatwa kwa mwezi, wala kwa kumkodolea mtu macho. Ukoo wa mke haukulileta, na wako vilevile. Uwezekano wa mtoto anayefuata kuzaliwa nalo ni mdogo sana. Mimi nilimweleza mama mkwe habari ya jora na bitana. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi fundi hana kosa." Tangu siku hiyo mwezi haukutajwa tena.

Hatua ya 1: Hesabu, pima, piga picha

Fanya wiki ya kwanza, usisubiri. Mvue mtoto nguo zote mchana, mahali penye mwanga wa kutosha, watu wawili mkiwa pamoja: mmoja anashika, mwingine anaandika. Anzia utosini. Gawanya nywele kwa vidole, fungu kwa fungu, mpaka uone ngozi ya kichwa yote. Shuka nyuma ya masikio, shingoni kwenye mikunjo, kwapani, viganja, kati ya vidole, sehemu za siri, nyayo. Sisi tulihesabu tukapata kumi na moja tukafunga daftari. La kumi na mbili mke wangu alilikuta siku ya pili kichwani, dogo kama punje ya uwele.

Andika kila baka: liko wapi, urefu wake kwa sentimita, lina nywele au halina, na tarehe. Tarehe ni ya lazima. Vidoa vidogo vipya vinaweza kuendelea kutokea miaka ya mwanzo, lakini daktari atakachotaka kujua ni vingapi vilikuwapo *wakati wa kuzaliwa*. Bila daftari utabaki kubahatisha.

Lile kubwa zaidi lipime mahali penye upana mkubwa kuliko pote. Baka hukua pamoja na mtoto, kwa hiyo madaktari huligawa kwa ukubwa litakaokuwa nao mtoto akiwa mtu mzima. Hesabu yake ni rahisi: la mtoto mchanga likiwa kichwani zidisha kwa 1.7, kiwiliwili na mikono zidisha kwa 2.8, miguuni kwa 3.3. La binti yetu lilikuwa sentimita 9 mgongoni, ukizidisha unapata kama 25. Chini ya sentimita 1.5 ya utu uzima huitwa dogo, hadi 20 la kati, 20 hadi 40 kubwa, na zaidi ya 40 kubwa mno.

Picha za simu zisaidie. Weka futi kandokando ya baka ili vipimo vionekane, piga kwa mwanga uleule kila baada ya miezi mitatu. Usizitume kwenye makundi ya ukoo. Mwili wa mtoto ni wake.

Hatua ya 2: Ujue mtoto wako yuko kundi gani

Mtoto mwenye baka moja tu dogo au la kati, asiye na mengine, ubongo wake kwa kawaida hauguswi kabisa. Mwonyeshe daktari mara moja, endelea na kliniki kama watoto wengine, lala usingizi.

Mtoto aliyezaliwa na mabaka mawili au zaidi, *hata kama yote ni madogo*, ndiye anayestahili kupigwa picha ya ubongo. Katika kundi hilo, karibu mmoja kwa watano huonekana na kitu kwenye picha. Hatari huongezeka zaidi akiwa na baka kubwa pamoja na vidogo vingi vilivyotapakaa, hasa vikizidi ishirini. Hapa ndipo watu wanapopotea. Mtoto mwenye baka moja la kutisha anakimbizwa hospitali, na mwenzake mwenye vidoti sita vilivyotawanyika anaambiwa "ana vidoti vizuri huyu."

Hatua ya 3: MRI kabla ya kutimiza miezi sita

Hili ndilo jambo lenye muda. Kipimo kinachotakiwa ni MRI ya ubongo *na* uti wa mgongo wote. Hakikisha maneno yote mawili yameandikwa kwenye fomu, kwa sababu mkirudishwa kwa kusahau mgongo, ni safari nyingine. MRI hutumia sumaku, haina mionzi. Siti-skani si mbadala wake kwa kazi hii, ingawa inaweza kuonyesha maji yaliyojaa kichwani kwa haraka.

Kwa nini miezi sita? Mtoto anapozaliwa nyaya nyingi za ubongo wake bado hazijavikwa ule utando wa mafuta unaozifunika. Miezi inavyokwenda zinavikwa, ubongo unabadilika rangi kwenye picha, na madoa ya melanini, ile rangi inayotengenezwa na chembe zetu zile, yanafichwa. Kitu kilichoonekana wazi akiwa na miezi mitatu kinaweza kisionekane akiwa na mwaka, na bado kipo. Ipo faida nyingine: mtoto wa chini ya miezi mitatu mara nyingi hupigwa picha bila dawa ya usingizi. Ananyonyeshwa akashiba, anafungwa vizuri kwenye shuka, anasinzia, anaingizwa. Akishakuwa mkubwa hatulii, na mara nyingi atahitaji kulazwa usingizi kwa dawa, jambo linalotaka mtaalamu wa usingizi na siku zaidi.

Sisi tulichelewa. Ile kauli ya "itapungua" ilitula miezi mitatu, tukapata picha binti akiwa na miezi mitano na siku kadhaa, kwa dawa ya usingizi, mke wangu akiwa nje ya mlango kashika kanga ya mtoto na hakai.

Njia ya kupita kwa sisi wa Kigoma ni hii: zahanati au kituo cha afya kikupe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Kwa ndugu zetu wa Tabora ni Kitete. Ukifika mkoani omba kuonwa na daktari wa watoto, na uliza kama yupo ofisa tabibu aliyesomea ngozi. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu hao tangu 1992. Kutoka mkoani rufaa zetu nyingi huenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya kupanda basi piga simu, au mwombe daktari aliyekuandikia rufaa apige, aulize mambo matatu: mashine inafanya kazi wiki hii? Mtoto wa umri huu mnampokea? Mtaalamu wa usingizi yupo siku gani? Nimeona watu wamesafiri siku nzima wakakuta mashine ina fundi.

Kuhusu pesa: sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano hatibiwi kwa malipo kwenye vituo vya serikali, lakini kwa kipimo kikubwa kama hiki uliza mapema utaratibu ukoje. Mkiwa hamna uwezo, mpite ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali *kabla* ya siku ya kipimo, na barua ya mtendaji mkononi.

Na kama mtoto keshapita miezi sita, au ana miaka miwili? Usijilaumu mpaka ukaugua. Mwonyeshe daktari wa watoto. Kwa mtoto aliye mzima wa maungo, madaktari wengi hufuatilia ukuaji kwa karibu, na dalili ikitokea picha inapigwa umri wowote.

Majibu yakiwa safi, ni habari njema kweli, na wengi wa watoto hao hukua bila shida ya ubongo. Majibu yakionyesha kitu, uliza ni kitu gani hasa, maana havilingani. Mara nyingi ni melanini kidogo ndani ya nyama ya ubongo, pasipo uvimbe; watoto wengine wa aina hii hupata kifafa au kuchelewa kusema, wengine hawapati chochote. Vipo vizito zaidi: maji kujaa kichwani, uvimbe, uti wa mgongo ulioshikwa chini usiweze kupanda mtoto anavyorefuka. Hivyo humpeleka mtoto kwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Taasisi ya MOI pale Muhimbili hufanya kazi hiyo. Kizito kuliko vyote ni ule utando wa ubongo kujaa chembe hizo na kuanza kuleta dalili. Hapo matibabu ni haba na watoto wengi hawaponi. Sipendi kuliandika, lakini mzazi aliyefichwa huumia mara mbili.

Hakuna dawa ya kuondoa melanini iliyo ndani ya ubongo. Ukiambiwa ipo, shika mfuko wako.

Hatua ya 4: Kichwa, mara moja kwa mwezi

Hapa mimi nilikuwa na kiburi cha ufundi, nikavunjwa. Nilipima kichwa cha binti kwa futi yangu ya kushonea, nikapata pungufu ya sentimita nzima kuliko nesi. Akaichukua futi yangu, akailinganisha na ya kwake. Ya kwangu, ya kitambaa, ilikuwa imevutika kwa miaka ya kazi. Nunua mpya ya plastiki isiyovutika, itumie hiyohiyo siku zote, na isitoke ndani.

Pitisha futi juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, nyuma pale penye kisogo kilichotokeza zaidi. Pima mara tatu, andika kubwa kuliko zote. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kichwa cha kama sentimita 34 au 35. Miezi mitatu ya mwanzo kinaongezeka kama sentimita 2 kila mwezi, miezi mitatu inayofuata kama 1, halafu nusu sentimita hivi kwa mwezi mpaka mwaka. Mwombe nesi akuonyeshe mstari wake kwenye chati. Kichwa kikubwa chenye kufuata mstari wake si tatizo, kwetu wapo wa ukoo mzima. Kinachotisha ni mstari unaopanda ghafla kuvuka mingine.

Usisubiri mwezi uishe ukiona utosi umejaa na kukaza hata mtoto akiwa ameketi ametulia, mishipa ya kichwa imetokeza, macho yanatazama chini weupe ukaonekana juu, anatapika asubuhi bila kuharisha, au analia kilio chembamba asiyebembelezeka. Hiyo ni hospitali siku ileile.

Hatua ya 5: Maungo na maneno

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 vipimo vya umri ambao watoto wazima huanza mambo. Kukaa bila kushikwa: kati ya miezi 4 na 9 na kidogo. Kusimama kwa kushikilia: miezi 5 hadi 11. Kutembea mwenyewe: miezi 8 hadi 17 na nusu. Ona jinsi nafasi ilivyo pana. Binti yetu alitembea na miezi kumi na sita, jirani wakawa wanatuuliza kwa huruma, na mimi najua bado yumo ndani. Kutambaa usikuhesabie sana, wapo watoto wazima wasiotambaa kabisa.

Yanayotaka daktari ni haya: miezi mitatu na hajatabasamu akichekewa, shingo legelege baada ya miezi minne, hajakaa kwa miezi tisa, hatembei kwa miezi kumi na nane, anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, kana kwamba ule mwingine si wake. Na zaidi ya yote, mtoto *anayepoteza* alichokuwa anakiweza. Aliyekuwa akisema "mama" akaacha, aliyekuwa akikaa akaanza kuanguka. Hilo halina umri na halingojewi.

Maneno yahesabu kwa lugha zote za nyumbani. Kwetu bibi anasema Kiha, sisi Kiswahili, na mtoto akisema maneno matatu ya huku na manne ya kule ana maneno saba. Tulipokwenda kupimwa daktari aliuliza Kiswahili pekee, akaandika kachelewa. Bibi alikuwapo, akamwonyesha. Kwa miaka miwili mtoto anatakiwa aunganishe maneno mawili: "baba njoo," "nataka maji," lugha yoyote.

Angalia pia miguu na haja. Mtoto aliyekuwa anatembea vizuri akaanza kuburuta mguu, au mkojo unadondoka wakati wote, au choo kinagoma kupita kiasi, mwambie daktari aangalie uti wa mgongo.

Hatua ya 6: Degedege

Watoto hawa wakipata kifafa, mara nyingi huanza miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Na sisi tunaishi mahali penye malaria, ambapo homa na degedege ni majirani. Kwa hiyo mtu akiona mtoto anatetemeka, la kwanza analosema ni malaria, la pili ni shetani. Vyote viwili vinaweza kumchelewesha mtoto wako.

Degedege lenyewe linaweza lisifanane na lile unalolijua. Lipo la mwili kukakamaa na kutetemeka. Lipo la kuduwaa: anakodoa macho pembeni, anatafunatafuna pasipo chakula, rangi inabadilika mdomoni, dakika moja anarudi kama hakuna kitu. Na lipo la watoto wachanga ambalo huonekana kama kushtuka: kichwa kinainama, mikono inarushwa, anaachia, anarudia tena na tena kwa mfululizo, hasa anapoamka. Bibi wengi husema mtoto ana chango. Ukiliona hilo la mfululizo usilale nalo hata siku mbili, kwa kuwa ubongo wa mtoto mchanga unaumia.

Linapotokea mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, legeza nguo shingoni. Tazama saa. Usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni, usimmwagie maji, usimfukize. Mtu mwingine arekodi kwa simu, mwili mzima na uso. Video hiyo ya sekunde thelathini itamweleza daktari kuliko maelezo yangu na yako ya nusu saa. Likifika dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, mbebe hospitali huku linaendelea. Akiwa na homa apimwe malaria kwa kipimo cha haraka na atibiwe, na *bado* umwonyeshe daktari lile daftari la mabaka. Malaria haifuti uwezekano wa lile jingine.

Binti yetu alilipata la kuduwaa akiwa na miezi kumi na minne. Picha yake ya awali ilikuwa imeonyesha doa dogo, kwa hiyo hatukuanza kutafuta upya. Anakunywa dawa asubuhi na jioni. Dawa za kifafa usiziache ghafla kwa kuwa zimeisha au kwa kuwa amekaa miezi bila kuanguka. Zikibaki za wiki mbili, anza kutafuta nyingine.

Ngozi yenyewe

Ngozi ya baka ni kavu, inawasha, inachubuka upesi. Mafuta ya mgando yanatosha. Bibi alipaka mafuta ya mise, nami sikumkataza, mradi ngozi haina kidonda. Kata kucha za mtoto. Nguo laini ya pamba, mshono usipite juu ya baka, hilo niachie mimi. Baka kubwa hutoa jasho kidogo, kwa hiyo joto humsumbua. Kivuli na kofia ya ukingo mpana.

Nililokataza ni chale, kuunguza, mkorogo na maji ya betri. Nimemwona mtoto aliyepakwa kitu cha namna hiyo ili "kulitoa". Baka lilibaki chini ya kovu, na kovu likavimba.

Saratani huwapata wachache: kwa mabaka madogo na ya kati ni chini ya mmoja katika 100 maisha yote, kwa makubwa mno hatari inapanda. Vinundu vingi vinavyoota juu ya baka havina ubaya, lakini macho yako hayawezi kupambanua. Kinundu kigumu kinachokua wiki hadi wiki, kidonda kisichofunga, damu bila kujikuna, tezi zilizovimba kwapani au kinenani: apelekwe akaonwe, na kipande kikikatwa kipimwe maabara. Papasa kila mwezi unapopima kichwa, kwa sababu kinundu cha chini ya ngozi hakionekani kwa macho.

Upasuaji wa kuondoa baka hauondoi hatari ya ubongo. Haujathibitika pia kuiondoa ya saratani. Unafanywa zaidi kwa ajili ya sura, au pale panapochubuka kila siku, kwa vipande na kwa miaka, nao huacha makovu, na ngozi zetu nyeusi hupenda kuvimba makovu. Wanaochagua kuufanya nawaheshimu. Sisi tumeamua kungoja mpaka mwenyewe aweze kusema anataka nini.

Ukisafiri na rufaa

Daftari liwe kwenye mkoba wa mkononi, lisiende kwenye buti la basi. Kadi ya kliniki, barua ya rufaa na nakala yake, barua ya mtendaji, picha za MRI za zamani kwenye bahasha ngumu pamoja na ile sahani yake (CD), kwa maana karatasi ya majibu pekee haitoshi kwa daktari mpya. Dawa za kifafa za siku saba zaidi ya safari yenyewe. Chaja. Kanga mbili. Ukipangiwa dawa ya usingizi utaambiwa saa ya mwisho ya kunyonyesha. Mwombe nesi akuandikie saa yenyewe kwenye karatasi, na umuulize ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu, kwa sababu mke wangu aliambiwa "mwisho saa nne", akanyonyesha saa nne asubuhi, na foleni yetu ikahamia kesho yake.